Msomaji Aanzie Pale Aliposhindwa

Jumatatu, 2 Juni 2025

Nimekohoa mara tatu kabla ya kutoka jikoni. Kimya. Nikakohoa tena. Mlango wa chumba cha nyuma ukafungwa taratibu, ndipo nikapita kwenye korido na sufuria ya chai. Wiki ya tatu sasa. Koo litapasuka.

Baba mkwe ameletwa kutoka Lupepo kwa ajili ya macho. Nyumba yetu hapa Msasani, hii ya Rungwe, si ya Dar, ni nyembamba na mila ya Kinyakyusa ni pana. Mke wa mtoto hakutani na baba mkwe. Hamwangalii usoni, hakai naye chumba kimoja, hamtaji jina. Wenzangu wengi hapa mjini wameshaacha, wanakula nao meza moja na kubishana nao habari za mpira. Huyu wangu hajaacha. Miaka sita ya ndoa, uso wake sijawahi kuuona vizuri. Jina lake siandiki hata humu. Nimejaribu sasa hivi, mkono umegoma.

Kazini, chumba cha kusomea cha kanisa, rafu nne, kaja Bi Zuhura anayeuza mitumba. Kashika fulana yenye sura ya mtu: ndevu, kofia, nyota. Kasema huyu kamuuza miaka kumi. Wateja wakimuuliza ni nani, yeye hujibu ni mwanamuziki. Jana mmoja kamcheka. Sasa anataka kumsoma, aanze wapi?

Nikajibu kwa maringo kwamba huyu ndiye Kamanda, mwanamapinduzi mkubwa, dunia nzima inamjua. Nikampa kitabu kinene kuliko vyote vya rafuni. Kurasa mia saba. Watu huniita Mwalimu kwa sababu ya miwani tu. Kitabu chenyewe sijakisoma.

Jumatano, 4 Juni

Kitabu kimerudi. Siku mbili tu.

Bi Zuhura kakiweka mezani taratibu, kama anayerudisha mtoto wa watu aliyemshinda kulea. "Mwalimu, nimesoma kurasa kumi, babu yake ndiyo kwanza anaoa."

Hakukasirika, na hilo ndilo limeniuma. Anaona kosa ni la kichwa chake. Kasema labda vitabu si vya watu kama yeye, kaondoka na fulana zake begani.

Kosa ni langu. Nimejaribu kukisoma mimi. Babu, shamba la babu, farasi wa babu. Ukurasa wa kumi na tano nikasinzia. Nikaruka katikati, nikakuta vita na majina mengi, sijui nani anampiga nani. Nikaruka mwisho, ameshakufa. Najiona mjinga na nina hasira na aliyekiandika.

Alhamisi, 5 Juni

Tulikuwa tunamenya ndizi jikoni, mimi na mama mkwe. Nikamsimulia habari ya Bi Zuhura na Kamanda. Akacheka mpaka kisu kikamdondoka.

Kumbe lile sanduku la bati lililokuja na Baba, lililowatoa wabebaji jasho, halina nguo. Ni vitabu. Na kumi na moja kati ya hivyo ni vya huyo huyo Kamanda. Baba alikuwa mwalimu wa elimu ya watu wazima kule Lupepo, akiwafundisha wakulima wa chai na ndizi. Mama anasema kila akienda Mbeya wenzake walirudi na kanga za wake zao, yeye alirudi na kitabu. Hajamsamehe mpaka leo.

Kwa hiyo anayejua jibu yuko hatua nane kutoka kwenye jiko langu na siruhusiwi kumuuliza. Vitabu kumi na moja vya mapinduzi, na hawezi kusalimiana na mke wa mwanawe! Nimemenya ndizi zote, na zile za kesho pia.

Halafu mama akasema lile jingine, kwa sauti ya chini. Hospitali wamesema ni presha ya macho na imechelewa. Matone yatapunguza mwendo tu. Kilichopotea hakirudi, na kilichobaki labda ni cha miezi, labda cha wiki. Kusoma hawezi tena. Anashika kitabu kikigusa pua, anapata neno moja, la pili linampotea. Alipanga kuvisoma vyote tena mara ya mwisho.

Nani atamsomea? Mama hakusoma. Lusajo, mume wangu, husinzia kabla ya kufika kwenye jina la mwandishi. Nimebaki mimi. Mama akaniangalia, kisha akaangalia ndizi.

Jumamosi, 7 Juni

Nimemtuma Lusajo kwa baba yake. Swali moja jepesi: mtu asiyemjua kabisa Kamanda aanze kusoma wapi? Kaingia, katoka baada ya dakika mbili.

"Baba anasema aanze mwanzo."

Namjua mume wangu. Nikambana. Kumbe kamuuliza, "Baba, kitabu huwa kinaanziwa wapi?" Hata mimi ningemjibu hivyo hivyo.

Nimetembea mpaka sokoni na kurudi bila kununua kitu.

Jumapili, 8 Juni

Baridi kali. Mahubiri sikuyasikia. Nimepata wazo katikati ya wimbo wa pili, nikakosea maneno.

Jumanne, 10 Juni

Simu. Nimejifungia chumbani, blanketi kichwani kuzuia kelele za jirani, nikajirekodi nikisoma kurasa za mwanzo za kitabu kinene. Dakika ishirini na tano. Mama kampelekea Baba ile simu. Mila inasema tusikutane. Kuhusu simu haisemi neno, waliotunga hawakuwa nazo.

Niliposikia sauti yangu ikitoka chumba cha nyuma nilitamani ardhi ipasuke. Nimefagia ua mara mbili.

Alhamisi, 12 Juni

Majibu yamekuja kwa kinywa cha mama, kwa Kiswahili chake cha Lupepo.

"Gwe mwanangu, anasema unasoma kama unafukuswa na mbwa. Pungusa mwendo. Halafu anasema, nani alikwambia uanse na babu? Babu wa mtu atangoja. Ukiansa na ushindi utapiga makofi tu. Ukiansa na kifo utalia tu. Wanafunsi wake wa kwansa aliwapa mwanso, wakamkimbia wote, kasoma na kuku. Ansa sura ya kumi na tisa, pale walipomshinda. Mfua inanyesha, tumbo linamuuma, watu wake wamemtoroka, naye amekaa anaandika makosa yake. Hapo ndipo utakuwa na la kuulisa."

Kisha akaongeza la kwake. "Ni kweli. Mimi huyu wangu nilimjua siku ng'ombe alipomwangusha mbele ya wageni."

Nimeisoma hiyo sura nimesimama, nimeegemea mlango wa jiko. Ndizi zimeungua. Sikujua mtu wa kwenye fulana aliwahi kukosea. Anayahesabu makosa yake bila kujionea huruma, mengine ya kijinga kabisa. Hakujifunza lugha ya wenyeji mapema. Aliwafokea watu waliokuwa na njaa. Alidhani wanataka anachotaka yeye. Nimesoma mara mbili.

Ijumaa, 13 Juni

Nimekipeleka kitabu mwenyewe kwenye meza ya Bi Zuhura, karatasi nimechomeka sura ya kumi na tisa. Kasoma amesimama katikati ya masweta. Kaja mteja, kauliza bei, kangoja, kaondoka. Bi Zuhura hakuinua kichwa.

"Kumbe naye alichemsha!" Kafurahi kana kwamba amekutana na jamaa yake. "Sasa hawa mbona walimkimbia, Mwalimu? Walikosana wapi?"

Nikamwambia jibu liko sura ya kumi na nane. Atarudi nyuma hivyo hivyo, mpaka kwa babu atafika kwa miguu yake.

Nilipaswa kutulia. Sijatulia. Baba amenipa jibu, mimi nimempa nini? Rekodi nne za haraka haraka. Akitaka nirudie sentensi hawezi kusema. Akiuliza, simu haijibu.

Jumatatu, 16 Juni

Dada yake mama amefariki Nkunga. Mama kaondoka alfajiri, Lusajo kampeleka, naye Lusajo kutoka huko atapitiliza na lori lake la ndizi kwenda Dar. Nimebaki mimi na Baba. Jirani yetu fundi viatu anaingia asubuhi na jioni kumsaidia kuoga. Chakula naweka sinia mlangoni, nagonga fremu, nakimbia. Matone anajitilia mwenyewe. Nahisi nusu yanaishia shavuni.

Saa tano simu ikanichomoka mfukoni, ikatumbukia ndooni nikifua. Imekufa. Nimeiweka ndani ya mchele. Wapi.

Kuanzia saa tano hadi saa saba nimesikia ukurasa mmoja ukifunuliwa chumba cha nyuma. Mmoja! Nimekaa kwenye korido, chini, kama mlinzi. Namuonea huruma na nataka kumpiga makofi, yote kwa pamoja.

Jumanne, 17 Juni

Leo limetokea.

Saa tatu asubuhi nilisimama mlangoni kwake na nakala yake ya kitabu kile kile mkononi, aliyokuwa ameniletea mama. Sikuwa na mpango. Nikakohoa, maana ndiyo lugha pekee tuliyonayo.  Kisha nikasikia kiti kikiburutwa, kizito, kwa mikato mikato, mtu mzee akikigeuza peke yake. Kikatulia. Ikasikika sauti, kavu, ya mwalimu.

"Kama yupo msomaji, mlango uko wazi."

Nikausukuma. Amekaa akitazama ukuta. Pua yake na ukuta, kiganja kimoja kati yake. Nimeona kisogo, mvi, kola ya sweta iliyofumuka. Nikakaa juu ya sanduku la bati, nami nikampa mgongo.  Nikaanza kusoma, nikakimbia, akagonga mkono wa kiti.

"Msomaji apunguze."

Nikapunguza. Baadaye: "Msomaji arudie hapo kwenye mto." Nikarudia. Ndivyo tulivyokwenda mpaka saa sita, mgongo kwa mgongo. Hakuna aliyezungumza na mwenzake na hakuna aliyevunja kitu. Nilipotoka nilikuwa nimelowa jasho kwenye baridi ya Juni.

Nimecheka jikoni peke yangu. Nimelia kidogo pia. Sijui kwa nini nalia.

Alhamisi, 19 Juni

Siku ya tatu. Tumemaliza kumi na tisa, tumerudi kumi na nane. Pembeni mwa kurasa za kitabu chake kuna mwandiko wake wa ujana, wino wa bluu. Penye sherehe ya ushindi ameandika: "Akina mama walikuwa wapi?" Nimemsomea na hiyo. 

"Msomaji anaruhusiwa kujibu siku nyingine."

Nimefurahi kupita kiasi. Siwezi kukaa, siwezi kula.

Ijumaa, 20 Juni

Mama karudi kutoka msibani. Nikampa pole, kasema ndaga, yaani asante, kavua viatu, kapita moja kwa moja kwenda kumwona mumewe. Katoka uso umebadilika.

"Kwa nini kiti kinatasama ukuta?"

Nikamweleza kwa fahari. Siku nne, kila asubuhi, saa tatu mpaka saa sita. Nilitegemea anipongeze. Akakaa kwenye kigoda.

Akaniambia nisichokijua. Baba alichagua chumba kile cha nyuma, kidogo, chenye unyevu, kwa sababu ya dirisha. Linatazama Mlima Rungwe. Kila asubuhi hufumba jicho moja, kisha la pili, apime mlima umebaki kiasi gani. Mwezi wa tano ulikuwa mzima. Wiki iliyopita amebakiwa na kilele na bega la kushoto. Na mlima huu unaonekana asubuhi tu, ikifika mchana ukungu unashuka, basi mpaka kesho.

Asubuhi nne ametazama ukuta ili mimi niweze kuingia.

Nimekula siku nne za macho yake. Hakusema. Mama kasema hata kwake hakulalamika, kauliza tu kama msomaji atakuja kesho. Nina hasira naye, na mila, na mimi. Zaidi na mimi, nilivyokuwa nacheka jikoni.

Jumamosi, 21 Juni

Sikwenda kumsomea. Nimemsikia akikigeuza kiti kuelekea ukutani saa tatu kamili. Amekaa. Saa nne bado. Nikashindwa kuvumilia, nikamwambia mama akakigeuze. Mama kaingia, katoka. Baba kakataa. Kasema msomaji huenda amechelewa.

Nimezunguka nyumba mara ngapi sijui. Nikiingia, anapoteza mlima. Nisipoingia, anapoteza kitabu na mlima pia, maana ananingoja kwenye ukuta. Mzee mkaidi! Mama kasema nimwachie hasira Mungu. Nikamwambia Mungu ana za kutosha.

Mzunguko wa mwisho ndipo nikaona. Chini ya dirisha lake, nje, kuna magimbi yangu na kipande cha ukuta kifupi kuliko mimi nikisimama. Nikikaa, kichwa hakifiki kwenye dirisha.

Jumapili, 22 Juni

Kabla ya kanisa nimekata magimbi manne, nikaweka ndoo ya rangi tupu, nikaifunika gunia. Mama kamweleza: afunge pazia akisikia kikohozi, afungue akisikia kimya. Kiti kielekee dirishani.

Nikakohoa. Pazia likafungwa. Nikakaa kwenye ndoo, mgongo ukutani, kichwa chini ya dirisha. Pazia likafunguliwa juu yangu. Tulikuwa tunatazama upande mmoja, yeye juu, mimi chini. Mlima ulikuwa wazi.

Nilisubiri agonge au akemee. Nikamsikia akivuta pumzi.

"Msomaji avae kitu kizito."

Nikasoma. Vidole vilikufa ganzi kwenye kurasa. Kanisani sikufika.

Jumatano, 25 Juni

Manyunyu. Nimesoma chini ya mwavuli. Majirani wanapita wanauliza naongea na nani. Nasema nayasomea magimbi.

Lusajo karudi. Kaniona kwenye ndoo, kaniona nimejifunga kanga mbili na sweta lake, hakuuliza. Jioni kapigilia kibati juu ya dirisha mvua isinipate. Nampenda anapokaa kimya.

Jumapili, 6 Julai

Tuko sura ya kumi na nne. Siku hizi hukatiza kusoma aniambie anachokiona, akisema na hewa.

"Msomaji asimame kidogo. Jua limefika kwenye bega."

Natazama, ni kweli. Juzi kasema kuna moshi wa mkaa kwenye msitu, nikautafuta, nikauona baada yake. Mzee wa macho mabovu kaniwahi. Jana hakusema kitu. Leo kasema kilele tu.

Bi Zuhura amefika sura ya tano kwa kurudi nyuma. Ana maswali kuliko mimi. Nayapeleka dirishani, Baba anayajibu, narudi na majibu mezani kwake. Moja lilimchekesha Baba mpaka akakohoa. Sijawahi kumsikia akicheka.

Bado nadhani mila hii ni mzigo. Sitaki binti yangu, nikimpata, akohoe miaka sita. Lakini nikiamka nawahi ndoo kabla sijanywa chai.

Jumatatu, 14 Julai

Kauliza kama msomaji bado yupo. Nilikuwa nasoma wakati huo huo. Labda alikuwa amesinzia.

Jumamosi, 19 Julai

Mvua imenyesha usiku, asubuhi pamekucha shwari. Mama alikuwa anaanika kuni. Nimekohoa, pazia likafungwa, nikakaa, pazia likafunguliwa.

Sijaanza akasema.

"Msomaji avumilie. Ukungu wa leo ni mzito, mlima haupo kabisa."

Nikainua macho. Mlima ulikuwa wazi kuanzia migombani mpaka kileleni. Naweza kuhesabu miti ya kwenye bega. Hapakuwa na wingu hata la ukubwa wa kidole. Mama alisimama na kuni mikononi, akanitazama, akatazama chini.

Nikamjibu. Nikasema, "Ndiyo, Baba. Ni mzito." Ndilo neno langu la kwanza kwake lisilotoka kitabuni.

Hakugonga. Akasema tuendelee. Nikafungua sura ya kumi na moja, nikasoma polepole.